Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda: Uhakiki wa Mfululizo wa Michezo ya Battlefield

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili aliomba ruhusa ya kuandika insha yake ya uhakiki kuhusu mchezo wa kompyuta badala ya riwaya. Tulimruhusu, ingawa baadhi yetu shingo upande. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na hukumu moja iliyorudiwa ukurasa baada ya ukurasa: watengenezaji wa mchezo huo waliubadilisha mno, ndiyo maana ukaharibika. Tulimrudishia rasimu tukiwa tumeandika swali moja pambizoni: mno ni kiasi gani? Makala haya yametokana na swali hilo. Tunanuia kuonyesha kwamba wingi wa mabadiliko si kipimo cha uhakiki. Kinachopaswa kupimwa ni jinsi badiliko linavyokitendea kiini cha kazi yenyewe.

Kwa faida ya wasomaji wasioufahamu mchezo huo, tuanze na maelezo mafupi. Battlefield ni mfululizo wa michezo ya kivita ambamo watu wengi hupambana kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Ulianzishwa na studio ya DICE ya Stockholm, Sweden, na huchapishwa na kampuni ya Electronic Arts ya Marekani. Toleo la kwanza, Battlefield 1942, lilitoka mwaka 2002. Wachezaji hadi 64 waligawanyika katika majeshi mawili, wakagombea bendera zilizotawanywa kwenye uwanja mpana, kwa miguu, kwa vifaru, kwa ndege na kwa meli za kivita. Kila mchezaji alichagua kada moja kati ya tano: mpelelezi, mshambulizi, mpiga vifaru, tabibu au fundi.

Kila kada ilikuwa na jambo iliyoliweza na jambo iliyolikosa. Mpiga vifaru alibeba roketi lakini hakuweza kujitibu. Tabibu aliweza kutibu wenzake, lakini kifaru kilipotokea hakuwa na la kukifanya. Fundi alitengeneza mitambo iliyoharibika. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na hapo, kwa maoni yetu, ndipo kilipo kiini cha mfululizo huu. Si vifaru, si milipuko, wala si ukubwa wa uwanja. Ni upungufu uliokusudiwa: mchezaji amenyimwa kitu ili amtafute mwenzake.

Tukikubaliana hivyo, historia ya mfululizo inasomeka vizuri zaidi. Battlefield 2 ya mwaka 2005 ilileta vikosi vidogo pamoja na kamanda wa jeshi zima. Mchezaji aliyeuawa aliweza kurejea uwanjani mahali alipo kiongozi wa kikosi chake, mradi kiongozi huyo yu hai. Kwa hiyo uhai wa mtu mmoja ukawa mali ya kikosi kizima. Bad Company 2 ya mwaka 2010 ilifanya kuta na nyumba zibomoke, hivi kwamba mwenye roketi alihitajika hata pale ambapo hapakuwa na kifaru, maana mdunguaji aliyejificha ghorofani aliweza kuangushiwa jengo. Battlefield 3 ya mwaka 2011 ilikuwa na kada nne tu, na kazi ya tabibu ikaunganishwa na ya mshambulizi. Haya hayakuwa mabadiliko madogo. Hata hivyo, yaliyapa mahitaji ya wachezaji njia mpya za kujitokeza, hayakuyaondoa.

Sasa tulitazame toleo lililomkera mwanafunzi wetu. Battlefield 2042 ilitoka Novemba 2021. Katika kompyuta na mashine mpya za wakati huo idadi ya wachezaji iliongezwa hadi 128, na viwanja vikatanuliwa. Kada zikafutwa. Badala yake wakaja wataalamu kumi, kila mmoja akiwa na jina, sura na kifaa chake maalumu, lakini bunduki na vifaa vingine vikawa huru kwa yeyote. Kwenye karatasi huu ni uhuru, na nani asiyeupenda uhuru? Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Mchezaji aliyejikusanyia kila alichokihitaji hakuwa na sababu ya kumngoja mwenzake. Aidha, ilikuwa vigumu kumtambua aliyebeba dawa na aliyebeba roketi, na kwa kuwa wataalamu walewale walitumiwa na pande zote mbili, hata rafiki na adui walifanana.

Jambo jingine litawagusa walimu wa lugha. Mchezo huo wa ushirikiano ulitoka bila njia yake yenyewe ya wachezaji kuzungumza kwa sauti. Njia hiyo iliongezwa Aprili 2022. Hatuamini kwamba hilo lilikuwa sadfa tupu. Watu wasiohitajiana hawana mengi ya kuambiana.

Yamkini msomaji atatupinga kwa hoja kwamba toleo hilo liliangushwa na kasoro za kiufundi, ambazo kwa hakika zilikuwa nyingi. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Battlefield 4 ya mwaka 2013 nayo ilitoka ikiwa na kasoro nyingi za namna hiyo. Ilirekebishwa taratibu, muundo wake ukabaki ulivyo, na wachezaji wakaipenda. Kwa 2042 kurekebisha kasoro hakukutosha. Mwaka 2022 aina moja ya pambano iliyokuwa na watu 128 ilirudishwa kwa 64, na Januari 2023 wataalamu wakapangwa upya katika kada nne. Kazi ambayo tiba yake ni kuandikwa upya muundo haikuugua ngozi tu.

Sisi wa idara hii tunaufahamu mjadala wa namna hii. Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 palizuka mabishano ambayo bado tunayafundisha. Wapo waliosema kuwa pasipo vina na mizani hapana shairi. Wapo waliosema kuwa vina na mizani ni pingu. Mashairi huru yaliyodumu madarasani mwetu yanatufundisha jambo la tatu: mtunzi aliondoa nguzo moja akaweka nyingine, iwe takriri, taswira au mpangilio wa mishororo. Yaliyosahaulika mara nyingi ni yale yaliyoondoa tu. Ulinganishi huu una mipaka, kwani shairi huweza kusomwa na mtu akiwa peke yake, ilhali mchezo huu haukamiliki bila wenzake. Kwa sababu hiyo, kuiondoa nguzo yake kulikuwa na gharama kubwa zaidi.

Je, dawa ni kurudi nyuma? La hasha. Battlefield 6, iliyotoka tarehe 10 Oktoba 2025, ina kada nne tena na wachezaji wasiozidi 64, lakini si nakala ya zamani. Askari sasa anaweza kumburuta mwenzake aliyeanguka hadi mahali salama huku akimhudumia. Hili ni jipya, na linafanya kazi ileile ya tabibu wa mwaka 2002: linampa mtu sababu ya kuhatarisha uhai wake kwa ajili ya mwingine. Toleo hilo linaruhusu pia kada yoyote kutumia karibu bunduki yoyote, ingawa lina mapambano ambamo bunduki zimefungwa kwa kada. Wachezaji wa zamani walilalamika. Sisi hatuoni hatari kubwa hapo maadamu dawa, risasi za akiba, roketi na zana za ufundi zimebaki na wenyewe. Bunduki ni chaguo la mtu. Kifaa ndicho wajibu wake kwa kikosi. Siku vifaa hivyo vitakapofunguliwa kwa wote, tutarejea kwenye kidonda cha 2021.

Mwanafunzi wetu aliandika rasimu ya pili. Neno "mno" halimo. Badala yake ameuliza maswali mawili ambayo tunawapendekezea walimu wenzetu, iwe darasa linahakiki mchezo, tamthilia au shairi: kazi hii inasimama juu ya nini, na badiliko hili limekiongezea nguvu kitu hicho au limekiondoa? Mwanafunzi anayeyajibu kwa ushahidi hatasifu kila kipya kwa upya wake, wala hatalilia kila cha kale kwa ukale wake. Maoni ya wasomaji, hasa ya wanaoucheza mchezo huu, tunayakaribisha kwa toleo lijalo.