Mpolandi na Nauli ya Basi

Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari kutoka Poland, alifika Dar es Salaam mwaka 1962. Kitabu chake Heban, yaani mpingo, kilitoka mwaka 1998. Kurasa zake bora ni zile za ufukara wake mwenyewe: amepata kifua kikuu, fedha hana, akatibiwa bure katika zahanati ya jiji pamoja na wenyeji. Hapo ugonjwa una bei, nasi twamwamini.

Lakini mtazame Ghana, ndani ya basi la Kumasi. Basi haliondoki mpaka lijae. Naye, badala ya kuuliza nauli na bei ya mafuta, atueleza kuwa Mwafrika ana wakati wa namna yake. Na aje hapa Ihumwa, kando ya barabara iingiayo Dodoma. Kondakta angojaye abiria wa mwisho hana falsafa ya wakati. Ajua viti vitatu vitupu vimekwisha kula faida ya safari.

Ajabu, mwanzoni alishaonya kuwa bara hili ni kubwa mno kuelezeka. Mshairi akijipinga hivyo, twasema kina kimemshinda.

Sura ya Lagos imesalimika. Jirani yake, mwanamke mwenye sufuria moja tu, hukopa maharagwe, huyapika, huyauza, hulipa deni. Kapuściński hatii neno la hekima. Ahesabu tu mali ya mtaa, kitu kimoja kimoja. Usiku mmoja sufuria ikaibiwa.