Kiwiko Ndicho Kinachokiongoza Kifua

Malalamiko haya husikika karibu kila jimu: mtu amelala kwenye benchi, amesukuma dambeli seti baada ya seti, na kesho yake mabega yanamuuma, nyuma ya mikono kumekaza, lakini kifua hakina habari. Wengi hukimbilia kuongeza uzito. Mimi ningemtazama viwiko kwanza.

Msuli mkubwa wa kifua huanzia kwenye mtulinga, mfupa wa kidari na gegedu za mbavu za juu, kisha hujishika kwenye mfupa wa juu wa mkono, chini kidogo ya bega. Haufiki kwenye kiwiko, sembuse kiganjani. Kazi yake kubwa hapa ni kuuvuta mfupa huo uje mbele na kuelekea katikati ya mwili; kunyoosha kiwiko ni kazi ya msuli wa nyuma ya mkono. Anayebana viwiko ubavuni huipa kazi hiyo sehemu ya mbele ya bega na nyuma ya mkono. Anayevitanua hadi vilingane na mabega hukivuta kifua sawasawa, ila kiungo cha bega ndicho kinacholipa. Kwa wengi, nyuzi 45 hadi 60 kutoka ubavuni zinatosha, mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja ukiwa wima muda wote.

Hapa ndipo ninapoipenda dambeli. Ukishika chuma kirefu kwa mikono miwili, unaweza kukisukuma kwenda nje bila kujua, nacho hakiendi popote. Msuli wa nyuma ya mkono hufaidika na mwanya huo. Jaribu hivyo kwa dambeli mbili na zitaachana zianguke. Lazima kifua kizizuie zisitawanyike. Vipimo vya umeme wa misuli vimeonyesha pia kwamba msuli wa nyuma ya mkono hufanya kazi kidogo zaidi kwa dambeli kuliko kwa chuma kirefu.

Kabla ya kushusha, rudisha makombe ya mabega nyuma na chini, uyakandamize kwenye benchi, kidari kiinuke. Yasibanduke hadi seti iishe. Bega likitangulia mbele unaposukuma, kifua kimenyang'anywa kazi.

Kosa linalonikera zaidi liko juu kabisa. Watu hugonganisha dambeli kwa nguvu wakiamini hapo ndipo kifua kinapobanwa. Uzito huvuta kwenda chini tu. Mikono ikishasimama wima juu ya mabega, mzigo unapita kwenye mifupa na msuli unapumzika. Kazi nzito iko chini, mikono ikiwa imefunguka, na ndiko watu wanakopita mbio. Shusha kwa sekunde tatu hivi, tulia kidogo chini bila kudundisha, panda, kisha geuza kabla mikono haijasimama wima.

Na uzito je? Mwaka 2016 Joaquín Calatayud na wenzake walichapisha jaribio la wanaume 18 waliozoea vyuma, waliosukuma chuma kirefu kwenye benchi. Walipoambiwa waelekeze akili kwenye kifua, umeme wa msuli huo uliongezeka kwa mizigo ya asilimia 20 hadi 60 ya uzito wa juu kabisa ambao mtu angeweza kuinua mara moja. Kwa asilimia 80 ongezeko halikuonekana. Nalielewa hivi: mzigo ukishakuwa mkubwa, mwili huita kila msuli unaoweza kusaidia, na maelekezo hayasikiki tena. Basi mkao ufunzwe kwa dambeli nyepesi, seti za marudio 12 au 15, na zile nzito zifuate mkao ukishatulia.

Kwa sehemu ya juu ya kifua, inua benchi nyuzi 15 hadi 30. Ukizidisha sana, bega linaichukua kazi.

Na wanaotumia dambeli za kujitengenezea, makopo ya saruji kwenye kipande cha bomba, wapime kila upande kwa mizani. Kopo moja likizidi, kiganja hupinda, na kiwiko hukifuata.