Michai ya Timbilil: Hazina Isiyoingia Sandukuni

Kinyago cha makumbusho kikihatarishwa na moto au mafuriko, hufungwa sandukuni kikahamishwa. Mkusanyiko wa michai wa Taasisi ya Utafiti wa Chai, Timbilil, Kericho, hauhamishiki. Uko shambani, karibu mita 2,180 juu ya usawa wa bahari, katika eneo ambalo mvua ya mawe si habari.

Kwa nini wasigandishe mbegu, kama za mpunga na mtama zilizowekwa Svalbard, Norwe, tangu 2008? Mbegu ya chai ikikaushwa hufa. Na hata ingestahimili, mchai huchavushwa na mchai mwingine, hivyo kila mbegu huzaa mche tofauti na mama yake. Ukipanda mbegu ya aina ya TRFK 6/8, inayosifika kwa ubora wa chai yake nyeusi, hupati 6/8. Hiyo hudumu kwa kipandikizi tu: jani moja na kipande kifupi cha shina, kilichooteshwa kitaluni ndani ya kifuko, chini ya kivuli na karatasi ya nailoni ya kutunza unyevu.

Basi kinga yenyewe ni nakala, na swali ni ziwekwe wapi. Jibu hutegemea adui ni nani. Miaka ya 1960, ili kuzuia mvua ya mawe, mawingu ya Kericho yalirushiwa roketi za baruti, kisha ndege zikamwaga iodidi ya fedha. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa, ingawa kwa mkusanyiko adui aliyelengwa hakuwa mbaya zaidi. Mvua ya mawe huchana majani na kuchubua matawi, lakini mchai kwa kawaida huchipua tena. Muuaji yuko chini: Armillaria, kuvu anayeishi kwenye mizizi ya miti ya msitu iliyofyekwa na kuvuka mzizi hadi mzizi. Njia ya kumzuia ni ya subira. Mti wa msitu hubanduliwa gome kuuzunguka shina na kuachwa usimame muda mrefu kabla ya kukatwa, hadi wanga uishe mizizini na kuvu akose chakula.

Kuvu huyo na mvua ya mawe vina udhaifu mmoja: hupiga mahali padogo. Aina iliyopandwa Timbilil na pia kwenye kituo cha Kangaita, Kirinyaga, ng'ambo ya Bonde la Ufa, haiwezi kupotezwa na dhoruba moja. Ukame ni jambo jingine. Huweza kufika kote wakati mmoja, na 6/8 haiuvumilii vizuri.

Hatari ninayoiogopa zaidi haina kelele. Wataalamu wa makumbusho, pamoja na moto, maji, wadudu na wezi, huhesabu pia kitu kutengana na kumbukumbu zake. Aina ya TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima 2011, hujitambulisha kwa majani ya zambarau. Nyingi nyingine hufanana mno. Kibao kikifutika, au mche wa aina nyingine ukijazia pengo, mchai utastawi vizuri sana huku jina lake limepotea. Ramani ya mistari ya michai, inayosahihishwa kila pengo linapojazwa na kuwekwa mbali na shamba, ni rahisi kuliko kupima vinasaba baadaye.

Aina zilizokwisha kutolewa zina bima nyingine: zimetapakaa kwa wakulima, Bomet hadi Nandi. Zile ambazo hazijatolewa, pamoja na michai ya kuzalishia aina mpya isiyovutia sokoni, hazina mkulima wa kuzitunza. Bajeti ya nakala ingeanzia hapo, hata kabla ya 6/8.