Daftari la Vifo na Suala la Tabaka: Mfano wa Njombe na Makambako

Hesabu ya vifo ni hesabu ya kisiasa. Taifa likijua watu wake wanakufa kwa nini, ndipo linapoamua zahanati ijengwe wapi, dawa zipelekwe wapi na fedha za umma zianze na nani. Kada anayepokea jedwali la vifo bila kuuliza limetoka wapi, limemwacha nani na limeviita vifo kwa majina gani, anafanya kazi bila silaha ya uchambuzi. Katika makala hii tunaukosoa utaratibu huo kwa mfano wa Njombe na Makambako.

Tuanze na historia. Ukoloni uliigeuza Njombe kuwa ghala la nguvukazi. Wabena na jirani zao walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya ilifanywa kwa mpango na Silabu, chombo cha mabwana wa mashamba. Huko waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mkoloni, basi, alijua kuhesabu. Alihesabu vichwa kwa ajili ya kodi na mikono kwa ajili ya kazi. Lakini Sheria ya kusajili vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikumlazimisha mtu kuandikisha kifo cha Mwafrika. Ulazima ulikuwa kwa Wazungu. Aliyekuwa na namba shambani hakuwa na namba kaburini.

Uhuru ulileta haki ya wote kuandikwa, lakini hali halisi vijijini inakwenda polepole. Leo kifo kikitokea hospitalini, daktari huandika sababu, na habari huingia katika MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kikitokea nyumbani, sheria inawataka ndugu waripoti ndani ya siku 30. Nani hufanya hivyo? Kwa kawaida ni yule anayehitaji cheti: mjane wa mtumishi anayefuatilia mafao, warithi wa nyumba ya mjini, familia yenye akaunti benki. Mkulima wa viazi au kibarua wa kupasua mbao hakuacha kitu kinachodai cheti. Hivyo karani huitwa na mali kuliko anavyoitwa na kifo. Dereva wa lori akifa ajalini Makambako, penye njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, polisi wataandika. Mama aliyekufa kwa homa kilometa chache tu kutoka barabarani anaweza kuzikwa bila jina lake kuingia katika daftari lolote la Serikali. Jedwali linalotokana na utaratibu huu linawaeleza zaidi wale walioweza kufika hospitalini.

Upungufu wa pili umo katika majina. Orodha ya kimataifa ya sababu za vifo ilitungwa na Jacques Bertillon wa Ufaransa na kukubaliwa mwaka 1893. Tangu mwaka 1948 iko chini ya Shirika la Afya Duniani. Ina manufaa makubwa, kwa kuwa inamtaka daktari afuate mnyororo kutoka tatizo la mwisho hadi ugonjwa ulioanzisha yote. "Moyo umesimama" haikubaliki kuwa sababu, maana kila maiti moyo wake umesimama. Lakini mnyororo hukatwa pale mwili unapoishia. Toleo la kumi la orodha hiyo lina hata alama ya ufukara, Z59.5, ila kanuni haziruhusu alama za kundi hilo ziandikwe kuwa sababu ya msingi ya kifo.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1839 huko Uingereza, mtaalamu wa takwimu William Farr aliorodhesha vifo 63 vya njaa. Edwin Chadwick, msimamizi wa sheria ya maskini, alimpinga, kwani kulikubali neno njaa kungekuwa kukiri kwamba sheria yake imeshindwa. Mwaka 1845 Friedrich Engels alikwenda mbele zaidi, akayaita mambo hayo mauaji yanayofanywa na jamii. Wote watatu walielewa kwamba anayetaja sababu anamtaja pia mwenye dhamana.

Turudi Njombe. Utafiti wa mwaka 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi mkoani humo wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Wapo makada wanaoinukuu takwimu hii kama aibu ya mkoa, na wengine wanaisoma kama hesabu ya vifo. Hiyo ni hesabu ya walio hai, na wengi wao wako hai kwa sababu wanatumia dawa. Tena imepatikana kwa kuwa watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba. Vifo navyo vinadai kufuatwa hivyo. Mradi wa Wizara ya Afya ulioanza mwaka 1992 katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini uliwahoji wafiwa nyumbani kuhusu dalili za marehemu, ukaonyesha kwamba UKIMWI ulikuwa miongoni mwa wauaji wakuu wa watu wazima. Ukweli ulipatikana pale Serikali ilipowaendea wafiwa badala ya kuwangoja ofisini.

Mfano mwingine ni watoto. Mkoa huu unalisha miji kwa viazi na mahindi. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kama nusu ya watoto wake wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Mtoto wa namna hiyo akifa kwa nimonia, cheti kitasema nimonia, na kitakuwa kimesema kweli. Lakini chakula kilichouzwa, mama aliyeshinda shambani, na mgawanyo wa kazi na mapato ndani ya nyumba havitaonekana.

Hatudai daktari aandike "ubepari" kwenye cheti. Huo ungekuwa uvivu wa kinadharia, na ungemnyima mkulima haki ya kujua ugonjwa uliomuua mwanawe. Daktari ataje ugonjwa. Uchambuzi wa kitabaka ni wajibu wa Chama, na hauwezi kujengwa juu ya daftari lenye kurasa tupu.

Kwa hiyo kazi ianzie shinani. Balozi na mwenyekiti wa kitongoji hawakosi msibani. Wapeleke taarifa ya kila kifo kwa mtendaji, na mhudumu wa afya afuate kuwahoji wafiwa. Sababu ya kifo ibaki siri ya mhudumu. Balozi asipeleke uvumi wa UKIMWI wala wa uchawi. Usajili wa watoto chini ya miaka 5, ulioanza Mbeya mwaka 2013 na baadaye kufika Njombe, ulikishusha cheti cha kuzaliwa hadi kwenye kata na vituo vya afya. Kilichowezekana kwa anayezaliwa kinawezekana kwa anayekufa. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kuridhika na daftari linalomwandika mwenye urithi na kumsahau mvuja jasho.