Ajabu za Pate na Riwaya ya Kiswahili

Msomaji anayetaka riwaya za ajabu, zenye majini, wafu wasemao, vyombo vya angani na nchi zisizo katika ramani, mara nyingi huelekezwa kwenye vitabu vya ng'ambo, kana kwamba Kiswahili hakina hazina hiyo. Dhana hii haina budi kupingwa, na mahali pa kuanzia ni kisiwa cha Pate.

Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga huko Pate Utendi wa Tambuka. Katika historia, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulimalizika bila mapigano. Katika utendi, msafara huo umekuwa vita vikuu dhidi ya Herakli, mfalme wa Rumi. Mtunzi ameikuza historia mpaka ikawa ajabu. Mtunzi mwingine wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alifuata njia tofauti. Katika Al-Inkishafi anauonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya matajiri wa mji huo yaliyobaki magofu. Hakuhitaji jini wala zimwi. Popo na buibui walimtosha. Yeye aliitazama hali halisi mpaka ikawa ajabu.

Njia hizi mbili zinafaa kuwa kipimo cha riwaya zinazostahili kupendekezwa. Si lazima kudai kwamba waandishi wa baadaye waliwaiga washairi wa Pate; yatosha kuona kwamba swali lao ni moja: ajabu inamdai nini mtu aishiye?

Katika njia ya kwanza, ya kwanza kusomwa ni Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Kisa chake kina asili katika Alfu Lela U Lela, ambamo ndugu wahaini waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert amewafanya manyani, na badiliko hilo si dogo. Adili anapowachapa kila usiku kwa amri ya jini, anachapa nyuso zinazokaribiana na yake. Dosari ya kitabu ni kwamba majina ya wahusika hutangaza tabia zao mapema mno.

Inafuata Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani ndani ya chombo, naye anafika katika nchi ambayo jina lake lasomeka "wale ni sisi". Safari yenyewe inasisimua kuliko nchi inayofikiwa, kwa kuwa huko hotuba huzidi vitendo. Hata hivyo, wazo la kwenda mbali ili kujikuta nyumbani lina uzito wa kudumu.

Katika njia ya pili, kitabu bora ni Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Babu aliyekufa anamjia K, mtu wa cheo na anasa, na kumtembeza katika taabu za watu aliowapa kisogo. Hapa ndipo riwaya inapokaribiana mno na Al-Inkishafi: mali inahojiwa mbele ya kaburi. Tofauti ni kwamba mshairi wa Pate anauonya moyo wake mwenyewe, ilhali K anaonywa na mwingine, na usikivu wake ni wa shaka. Msomaji aliyeimaliza riwaya hiyo ataweza kuikabili Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi, iliyo ngumu kuliko zote, ambamo msafiri hapewi njia iliyonyooka.

Wako wanaoziona kazi za aina hii kuwa ni kuyakimbia maisha. Hoja hiyo huenda ikawa kweli kwa ajabu isiyomdai mtu kitu. Haiwezi kuwa kweli kwa fasihi ambayo mfano wake mmoja mkubwa ulizaliwa mbele ya magofu yaonekanayo kwa macho. Darasa linalofundisha riwaya hizi bila tenzi za Pate huwafanya wanafunzi waamini kwamba ajabu ni kitu cha kuazima. Likianza na Pate, watajua kwamba ni mali ya urithi, na urithi una wajibu wake.