Unapojibu Tafadhali Taja

Kwenye kichwa cha barua ya serikali kuna maneno ambayo wengi huyaruka: "Unapojibu tafadhali taja". Yanafuatwa na Kumb. Na., herufi, mikwaju, namba ya jalada, na mwishoni folio, yaani namba ya barua ndani ya jalada. Chuo cha Uhazili Tabora, siku hizi tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, kimewalea makatibu mahsusi na watunza kumbukumbu wengi katika ufundi huu usio na makofi.

Mji wa Tabora wenyewe unaujua uzito wa ufundi huo. Enzi za misafara, barua ya Unguja ilifika Unyanyembe, eneo la Tabora, kwa miguu ya wapagazi. Mwaka 1872 mpelelezi Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Machi hadi Agosti akingoja watu wa kutoka pwani. Kwa mwendo huo, kabla jibu halijafika mtu ameshaandika barua nyingine kadhaa. Jibu lisilotaja linajibu ipi ni kitendawili.

Karani stadi hataji namba tupu. Huandika namba, tarehe na mada: tarakimu moja ikikosewa, mawili yaliyobaki yatalifukua jalada. (Ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" siihesabu, haimpeleki mtu popote.)

Utatu huohuo nimeuona kwa waandishi wa programu. Katika Git, mfumo wa kutunza historia ya programu ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kila badiliko hupewa kitambulisho, kwa kawaida cha herufi na tarakimu 40. Mvivu huandika "nimerekebisha kosa la juzi". Juzi ipi? Waandishi wa mfumo endeshi wa Linux hutaka angalau herufi 12 za mwanzo pamoja na kichwa cha badiliko. Tangu 2020 Git yenyewe ina mtindo wa kuchapa kitambulisho, kichwa na tarehe kwa pamoja. Faida yake ni ya kimasjala kabisa: historia ikipangwa upya kitambulisho hubadilika, lakini kichwa na tarehe bado vinatafutika.

Aliyebobea huongeza sentensi moja, kwa mfano: badiliko lile lilihamishia hesabu ya riba hapa, likasahau mikopo iliyokwisha kulipwa. Hapo ndipo ninapovua kofia. Msomaji wa miaka ijayo ameshajua nia ya mwandishi wa kwanza na pengo analoziba wa pili, bila kufungua badiliko la zamani.

Kutaja huku huokoa kazi pia: kwenye Linux mstari wa "Fixes:" hutaja badiliko lililoleta kosa. Mtunzaji wa toleo la zamani huangalia kama badiliko hilo analo kwake. Kama hana, anaendelea na kazi nyingine.