Kicheko cha Mwezé Ngangura na Hadhari ya Sinema ya Leo

Mhakiki anapozungumzia sinema ya Kongo, aghalabu huanzia Kinshasa. Hata hivyo, mwongozaji aliyeipatia nchi hii filamu zake mashuhuri, Mwezé Ngangura, alizaliwa Bukavu mwaka 1950, kisha akasomea fani ya filamu Ubelgiji. Sisi wa Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika tunayo haki ya kumhakiki kama mtu wa kwetu, na kuuliza ni jambo gani alilothubutu ambalo sinema ya leo inalikwepa.

Ili kuupima ujasiri wake, hatuna budi kukumbuka kilichomtangulia. Katika miaka ya 1950 wamisionari walitengeneza filamu kwa ajili ya Wakongo. Maarufu ni vichekesho vya Matamata na Pilipili vya Padri Albert Van Haelst. Watu walicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa chambo. Nyuma yake palikuwa na funzo lililokwisha kuamuliwa na mtu mwingine: mhusika alikosea ili mtazamaji aonywe.

Ngangura alikitwaa kicheko, akaliacha funzo. Katika La Vie est belle (1987), aliyoiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayefika Kinshasa na kuwa mtumishi wa nyumbani. Bwana wake anataka kumwoa Kabibi, msichana yule yule anayependwa na Kourou. Kourou ni maskini, mjanja, mwenye tamaa ya umaarufu. Filamu haimhukumu wala haimwonei huruma. Vivyo hivyo katika Pièces d'identités, iliyoshinda tuzo kuu ya FESPACO mjini Ouagadougou mwaka 1999, mfalme Mani Kongo anakwenda Brussels kumtafuta binti yake, na huko analazimika kuweka rehani alama za ufalme wake. Tunamcheka mfalme huyo bila kumdharau. Hapo ndipo penye ufundi wa mtunzi.

Tukigeukia filamu nyingi zinazotengenezwa Kivu kwa ufadhili wa mashirika, tunakuta maudhui mazito na ya lazima: vita, ubakaji, kipindupindu, watoto askari. Lakini mhusika wake ni mhanga tangu mwanzo hadi mwisho. Haruhusiwi kuwa mchoyo, mwongo wala mcheshi. Funzo limeamuliwa kabla ya kamera kuwashwa. Kifani, hii ni ile ile filamu ya misheni. Kilichobadilika ni mfadhili. Hatuwalaumu wasanii vijana, kwani filamu ni sanaa ya gharama, na penye vita hadhari si woga. Ila hadhari ikigeuka mazoea, mtu aliyeteseka huporwa mara ya pili: kwanza amani yake, kisha utu wake kamili.

Kwa mtazamo wa mwanaisimu, lipo jambo ambalo Ngangura mwenyewe alilifanyia hadhari, nalo ni lugha. Katika La Vie est belle muziki unaimba Kilingala, lakini mazungumzo kwa sehemu kubwa ni ya Kifaransa, hata baina ya mtumishi na bwana wake. Mlango huo umesukumwa na Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye katika Augure (2023) Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa na Kilingala. Lakini Kiswahili cha Uvira, kinachosema "batu" mahali pa "watu" na kuishi jirani na Kifuliiru, Kivira na Kibembe, bado kinangoja kupewa nafasi ya kutania, kudanganya na kubembeleza, badala ya kutoa ushahidi na maonyo tu.

Tunahitimisha kwa kusema kwamba kumwenzi Ngangura si kumsifu. Siku filamu yetu itakapothubutu kumwonyesha muuza ndagala wa Kalundu akimpunja mteja wake, naye mtazamaji akamcheka na bado akampenda, hapo tutakuwa tumemwelewa.